Jumamosi ya Kinu cha Upepo

Mpira ulinipiga mdomoni saa saba na robo mchana, juu ya paa la jengo la ghorofa kumi na nne, na Kipara akacheka mpaka akakaa chini. Kipara ni fundi mwenzangu. Tunatengeneza lifti, mwaka wa kumi na tisa huu, na chumba cha mashine kiko kule juu kabisa, kwa hiyo paa ni la kwetu, hakuna mwingine anayelitaka. Mchana watu wa maofisini wanashuka kula, sisi tunabaki juu na chupa ya chai. Lakini siku hizo mimi sikuwa nakula. Nilikuwa najifunza kuzungusha poi juu ya kichwa, mtu wa miaka arobaini na saba, na bega la kulia bovu.

"Mdomo unavimba," Kipara akasema alipopata pumzi. "Watu watasema umepigwa na mke."

"Mke gani?"

Hapo akanimiminia chai.

Kwa asiyezijua, poi ni mipira miwili midogo, kila mmoja uko mwisho wa kamba yake, na kamba ina kitanzi cha kuvaa kidoleni. Unashika moja mkono huu, nyingine mkono huu, unazungusha. Basi. Ukimtazama anayejua unasema ni mchezo wa watoto. Jaribu wewe uone. Binti yangu aliziona akiwa darasa la pili, siku kina dada fulani wa sarakasi walipokwenda shuleni kwao, na alirudi nyumbani hali, halali, anataka poi. Nikamtengenezea za kwanza kwa soksi zangu mbili, nikazijaza mchele, nikapiga fundo. Mama yake alininunia siku mbili kwa ajili ya ule mchele. Wakati huo tulikuwa bado tunakaa nyumba moja.

Binti huyo tunamwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo. Akianza kuongea haishi mpaka umfukuze akaoge. Tulijifunza pamoja, mimi na yeye, hatua kwa hatua: kuzungusha ubavuni, kuzungusha mbele, halafu kusuka, ambapo mipira inapishana kulia na kushoto kama mtu anayesuka nywele. Mimi na mama yake tulipoachana, Jumamosi ikawa siku yangu, na siku yangu ikawa siku ya poi. Kilichotushinda ni kile cha juu ya kichwa, ambacho sisi tulikiita kinu, kinu cha upepo, kwa jinsi kinavyozunguka. Mikono yote miwili iko juu ya utosi, mpira mmoja unapita mbele ya uso, mwingine unapita nyuma ya kisogo, kisha inabadilishana, bila kusimama.

Mwaka mzima Chiriku aliniuliza, "Baba, kinu lini?" na mwaka mzima nikamjibu, "Jumamosi ijayo." Jumamosi ijayo ikifika, lifti ya hospitali imekwama, simu inalia, baba anavaa viatu. Ndani ya miezi mitatu nilikosa Jumamosi nne. Msimamizi angeweza kumwita Kipara. Ananiita mimi kwa kuwa mimi naitika, na kusema ukweli napenda kuitwa. Hilo sina wa kumsingizia.

Sasa, kwa nini nilikuwa paani napigwa mdomo. Jumatano ya wiki iliyotangulia mama yake Chiriku alikuja kwangu peke yake, jioni, akakataa kukaa.

"Baba Chiriku, mume wangu amehamishwa kazi," akasema.

Mumewe ni mpima ardhi. Mimi namwita Mrefu kwa sababu ni mrefu, na kwa sababu sitaki kumwita kitu kingine. Akautaja mji wenyewe. Ni safari ya siku nzima kwa basi.

"Na mtoto?"

"Ndiyo nimekuja tuongee. Usianze kupiga kelele."

"Nimepiga kelele?"

"Unapiga sasa hivi."

Nilikuwa napiga. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa ameshaanza kugonga dari lake kwa mpini wa ufagio, kama kawaida yake. Nikashusha sauti.

"Ana miaka kumi na moja," mama yake akaendelea. "Sitaki kumburuta kama mzigo. Tumekubaliana achague mwenyewe. Aje na sisi, au abaki kwako amalize shule ya msingi hapa, na likizo aje kwetu. Jumamosi hii ana safari ya shule. Ile inayofuata nakuletea saa tatu kama kawaida. Saa kumi nikija kumchukua, aniambie. Jumatatu yake tunaondoka."

"Ameshasema anataka nini?"

"Hasemi kitu. Na wewe usimshawishi."

"Mimi!"

"Wewe. Nakujua."

Ananijua kweli. Hajafika chini ya ngazi, mimi nimeshapata mpango. Chiriku ana tabia moja, hawezi kuacha kitu katikati. Akianza kushona kitufe, nyumba iwake moto atamaliza kitufe. Na kinu si cha siku moja. Watu wanasema miezi miwili, wengine mitatu. Akikianza Jumamosi ile, na mwalimu awe mimi, ataondokaje? Nisingesema neno hata moja la kumshawishi. Ningemfundisha tu. Nani angenilaumu kwa kumfundisha mwanangu?

Shida ni kwamba sikukijua. Nilikuwa na siku tisa. Nikaanza Alhamisi mchana, simu nimeiegemeza kwenye tangi la maji, video inacheza. Nikaenda hata Jumapili, maana funguo za jengo ninazo. Nikajifunza kwa kichapo. Ukikunja viwiko, mpira wa nyuma unakupiga kisogoni. Ukitoa tumbo mbele, wa mbele unakupiga puani. Vifundo vya mikono lazima vikae pamoja juu ya utosi, karibu kabisa, kama vimefungwa, na bega langu lilikuwa linalia kila nikiinua. Jioni nilishindwa kuvua shati. Nililala nalo.

Lakini kibaya kuliko vyote ni macho. Mpira ukikujia usoni, macho yanajifumba yenyewe na shingo inazama mabegani, hata kama mpira haujakugusa wala hautakugusa. Huamui wewe. Na ukifumba tu, umepoteza hesabu, umekwisha. Siku saba nzima nilifumba macho. Kipara alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkate mdomoni, ananihesabia: "Umefumba. Umefumba tena. Ee, hapo umefumba kabla hata hujaanza." Nilimtukana, akacheka, nikarudia.

Siku ya nane macho yakakubali. Sijui kilichotokea. Nilizungusha mara moja, mara mbili, nikaona mpira unapita mbele yangu na nyuma nasikia upepo wa ule mwingine, na yote miwili inakwenda, inakwenda, mpaka nikafika kumi na moja. Nikaacha. Nikakaa chini, mgongo kwenye tangi, nikalia, mtu mzima. Nilikuwa nimeshaanza kuuona mswaki wake bafuni kwangu, na viatu vyake vya shule mlangoni, vimetupwa huku kimoja na huku kimoja. Kipara akajifanya anatafuta spana.

Jumamosi saa tatu kamili mama yake akamshusha. Chiriku akapanda ngazi na begi lake dogo, akanisalimia, akakaa kwenye kiti cha jikoni. Hakuongea. Nilimkaangia yai, nikamwuliza habari za safari ya shule, akasema nzuri. Nzuri tu! Mtoto ambaye zamani angekueleza mpaka rangi ya soksi za dereva. Nikajiambia, ana mawazo, yatamtoka akiona nilichomwandalia.

Nikamwambia tushuke uani. Nyuma ya jengo letu kuna ua wa saruji, kuna kamba za kuanikia nguo upande mmoja na magari mawili mabovu upande wa pili. Nikasimama katikati, nikavaa vitanzi vidoleni, nikasema, "Tazama hapa, bibi wee." Nikainua mikono. Mipira ikaondoka. Kinu kikazunguka. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano, zaidi ya paani, na bega nililisahau kabisa.

Niliposimama, Chiriku alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Umejifunza lini?"

"Kazini. Wakati wa chakula."

"Peke yako?"

"Na Kipara. Yeye kazi yake kucheka."

Akasogea, akanishika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga. Mdomo ulikuwa bado na kidonda. "Ulijipiga," akasema.

"Kidogo."

"Siku ngapi?"

"Tisa."

Akaendelea kunitazama, halafu akasema, "Nifundishe." Moyo wangu ulitaka kuruka utoke nje.

Nikamfundisha. Nilijiona mwalimu kweli kweli. Nikamweleza vifundo, nikamweleza viwiko, nikamweleza tumbo. Akainua mikono, akazungusha, mpira ukamwangukia begani. "Aa, ngumu, baba." Nikamwambia ngumu ndiyo, lakini pole pole tutafika. Akarudia, begani tena. Nikacheka, nikamwambia hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, mbaya zaidi. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu sijui lini.

Mara ya nne au ya tano ndipo nikaona. Mpira ulimjia usoni, ukapita karibu na pua, na Chiriku hakufumba macho. Shingo haikuzama. Alikuwa ananitazama mimi. Mpira ukiwa umeshapita salama, akalegeza kifundo cha mkono wa kushoto, kidogo tu, kamba ikaishiwa nguvu, mpira ukamwangukia begani palepale.

"Nimekosea tena," akasema.

Nikamwambia arudie. Safari hii sikuitazama mipira, nilitazama macho. Wazi. Nikamwambia arudie. Wazi, matulivu, yananichungulia kuona kama nimefurahi. Na vifundo vyake, ambavyo mimi viliniua siku tatu kuviweka mahali pake, vilikwenda vyenyewe juu ya utosi bila hata kutafuta. Huyu mtoto alikijua kinu kuliko mimi. Alikuwa anakiharibu makusudi, kila mara mahali pamoja, bila kujiumiza. Ili uharibu vizuri namna ile lazima uwe unakijua mpaka basi.

Na mimi nikafanya nini? Nikanyamaza. Nitasema kama lilivyo, maana sina sababu ya kujipamba: nilijua, nikanyamaza saa nzima na zaidi. Nikaendelea kumwambia, "Kaza kiwiko," naye akaendelea kusema, "Sawa, baba." Nilijiambia, awe anakijua awe hakijui, mwenyewe si ndiye anayesema hajui? Akisema hajui, si atabaki? Mpango ulikuwa unakwenda vizuri kuliko nilivyoupanga.

Saa saba tukapanda kula. Mkate, mayai tena, chai. Alikula nusu.

"Baba, nikienda, Jumamosi utakuwa unafanya nini?"

"Nitalala mpaka saa sita. Unadhani napenda kuamka mapema kwa ajili yako?"

Hakucheka. "Na ukiumwa?"

"Nitakunywa dawa."

"Nani atakwambia unywe mara ngapi? Wewe husomi karatasi ya dawa."

"Kipara atanisomea."

"Kipara naye hasomi. Ulisema mwenyewe alikunywa dawa ya mbwa."

"Ilikuwa mara moja."

Akakusanya makombo ya mkate kwa kidole, akayapanga pembeni mwa sahani. Aliyapanga kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Naona kinu ni kigumu sana. Labda nibaki. Nibaki mpaka nikijue, miezi miwili, mitatu. Halafu tutaona."

Ndiyo maneno yenyewe. Ndiyo niliyoyatafuta siku tisa juu ya paa, ndiyo niliyopasukia mdomo. Nilichotakiwa kufanya ni kusema, "Sawa, mwanangu," na kuongeza chai. Lakini aliyasema kwa sauti ninayoijua. Ni sauti ya Kipara akisomewa zamu ya Jumapili, anapojua mkewe ameshapanga mambo mengine na yeye hana jinsi. Mtoto wa miaka kumi na moja alikuwa amejipangia zamu, na kazi yenyewe ni mimi.

Niliona haya. Nimeshaona haya mara nyingi, mimi mtu wa hasira, kila baada ya kelele huwa kuna haya. Hii ilikuwa nyingine. Nilimtegea mtego mwanangu, na yeye akauona, akauzunguka, akauangalia pande zote, halafu akaingia mwenyewe ili mimi nisiumie.

"Chiriku," nikasema. "Umekijua lini?"

"Nini?"

"Kinu."

"Sikijui, baba. Si umeona..."

"Nimekuona. Hufumbi macho."

Akanitazama. Kidevu kikaanza kumtetemeka, akakikaza, akashindwa. Akalia kwa sauti, kilio cha mtoto mdogo, kilio ambacho nilidhani ameshakiacha. Nikamvuta nikampakata hapo jikoni, mkubwa alivyo, miguu inaburuta sakafuni.

"Hukuja," akasema kwenye shati langu. "Zile Jumamosi. Nilivaa kabisa, nikakaa dirishani na poi, mama akasema baba ana kazi. Halafu Anko akasema basi njoo uani nikushikie simu uone video. Yeye hajui, baba. Hajui hata kuzungusha moja. Alikuwa anashika simu tu na kunihesabia. Sikutaka ujue. Tulisema tutajifunza mimi na wewe."

Nilitafuta hasira. Hasira ni kitu ambacho sijawahi kupungukiwa nacho tangu nizaliwe, huwa ipo tu, kama maji bombani. Nikaitafuta kwa Mrefu, maana huyo Anko ni yeye, nikaikosa. Nilimwona tu amesimama uani kwake, mkono umemchoka, ameshika simu juu ili mtoto wangu aone, anahesabu moja, mbili, tatu. Jumamosi nne. Pahali pangu palikuwa wazi, na yeye akasimama hapo, na hata hakujifanya anajua.

"Nisamehe," nikamwambia mwanangu. Sijui kama nilishawahi kumwambia neno hilo.

"Sawa."

"Si sawa. Nisamehe." Nikamfuta uso kwa kitambaa cha sahani. "Sasa niambie. Unataka kwenda?"

Akaanza kukunja ncha ya kitambaa.

"Sema. Sitapiga kelele."

"Nataka kukaa na mama," akasema, pole pole, kama vile kila neno litavunjika. "Si kwamba sikupendi."

"Najua."

"Kweli unajua?"

"Najua, mwanangu." Nilijua, na kujua hakukusaidia kitu. Nilihisi kama kuna mtu ananikamua kifuani kwa mikono miwili. Nikainuka, nikatoa sahani, nikaziosha zikiwa mbili tu kwa muda mrefu usio na maana, mpaka akaja akazima bomba mwenyewe.

Saa tisa tukashuka uani tena. Nikampa poi. "Haya. Nionyeshe. Cha kweli sasa."

Akavaa vitanzi. Akavuta pumzi, akainua mikono, na kile nilichokiona sikuwa nimekiona hata kwenye video. Changu kilikuwa kinu kilichobanwa, viwiko vimekunjwa kidogo, kinu cha mtu anayeogopa. Chake kilikuwa wazi, mikono imenyooka, mipira inapita mbele na nyuma kwa sauti moja ya upepo, na uso wake katikati umetulia. Nikahesabu ishirini, nikahesabu thelathini. Akageuka mzima, akanipa mgongo, kinu kikiendelea. Akageuka tena akanitazama, na kinu hakikuyumba. Sikuwa najua kama inawezekana kugeuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanua nguo akasimama na shuka mkononi, akasema, "We! Mtoto wa nani huyu?"

"Wangu," nikasema.

Chiriku alikuwa anacheka, machozi hayajakauka. Tangu afike asubuhi ndiyo kwanza nilimwona amestarehe. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikawaka. Nilijivuna kwa ajili yake, nasema kweli, na wakati huohuo nilitaka kukaa chini kwenye ile saruji nisiinuke tena.

Saa kumi gari likaingia. Mrefu alibaki penye gari, ameegemea mlango wa dereva, anatazama viatu vyake. Akili hiyo anayo. Mama yake Chiriku akaja mpaka tulipokuwa tumesimama. Akanitazama mimi kwanza, akaona macho mekundu, akamtazama mtoto, naye hivyo hivyo.

"Umemwambia nini?" akaniuliza.

"Sijamwambia kitu."

Akamgeukia Chiriku, akainama. "Haya, mama. Umeamua?"

"Naenda na nyinyi," Chiriku akasema. Halafu haraka haraka, kabla mama yake hajafungua mdomo: "Lakini baba akisema nibaki, nabaki. Kweli, mama. Akisema tu, nabaki, na sitalia."

Nilidhani mama yake atafoka. Hakufoka. Alinyooka, akanitazama, na sauti yake haikuwa na ugomvi hata kidogo. "Basi mwambie," akasema.

Wote watatu wakawa wananitazama, maana hata Mrefu aliinua kichwa. Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa limekaa hapo juu ya ulimi, neno moja fupi, na hakuna mtu ambaye angenilaumu, wamenipa wenyewe. Mswaki bafuni. Viatu mlangoni. Mdomo wake huo unaongea jikoni kwangu kila siku ya Mungu.

"Nenda, mwanangu," nikasema.

Nilikuwa namtazama yeye, si mama yake, kwa hiyo nikaona. Mabega aliyokuwa ameyakaza yakashuka. Akashusha pumzi ndefu, mdomo wazi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani. Alikuwa anaogopa nitasema abaki. Alisimama pale na poi zake mkononi akiomba nisiseme, na ningesema, angebaki, na asingelia.

Akaja akanikumbatia kiunoni, akabana kwa nguvu. Nikamshika kichwa.

Nikambebea begi lake mimi mwenyewe mpaka kwenye gari. Mrefu akafungua buti, akalipokea, akasema, "Asante, kaka." Nikasema, "Haya." Chiriku akaingia kiti cha nyuma, akashusha kioo. Nikainama dirishani nitafute cha kumwambia, kitu cha baba, kitu chochote ambacho bado anakihitaji kutoka kwangu, nikamwambia afunge mkanda.

"Nimeshafunga, baba," akasema.